Majina ya Marehemu na Kompyuta Iliyokataa Kuwaka

Walburga Methodi Kapinga ni binti wa Methodi, aliyepanda kahawa kwenye mteremko ambao majirani walisema hata mbuzi angeteleza. Methodi alikuwa mtoto wa Kunigunda, mkunga aliyezalisha nusu ya waumini wa kigango chao na hakuwahi kuomba hata yai. Walburga mwenyewe alipiga taipu kwenye ofisi ya ushirika miaka ishirini na saba, na barua zake zilitoka ofisini hazina kosa. Siyo mtu wa kuambiwa kwamba mashine zimemshinda.

Lakini Ijumaa ile ya mwezi wa saba mashine ilimshinda. Alibonyeza kitufe, feni ikazunguka, skrini ikabaki nyeusi, na ndani ya boksi ukatoka mlio: piii, piii, piii. Akazima. Akawasha. Piii, piii, piii.

Ndani ya kompyuta hiyo yalikuwamo majina elfu moja na mia moja na kitu ya marehemu wa kigango chao. Miaka sita alizunguka kwa wazee akiuliza nani amelala wapi, maana makaburi mengi hayana msalaba, na mengine kahawa imeota juu yake. Mzee Nazari, aliyejua makaburi ya bondeni yote, naye alishakufa. Karatasi za mwanzo zililiwa na mchwa. Na Jumapili, keshokutwa, ndiyo jubilei ya kigango: padri alikuwa ameahidi kuyasoma majina yote altareni, na watu wa vijiji vyote, kuanzia Kingerikiti mpaka Tingi, walikuwa njiani kuja kuwasikia wa kwao.

Kosa lilianzia kwenye haraka. Orodha ilikuwa imekua, na kompyuta ilikuwa kuukuu; ukiifungua unaweza kwenda kuteka maji ukarudi ukaikuta bado inafikiri. Allen, fundi wa Mbamba Bay, kule chini ziwani, akamshauri aongeze RAM, kile kibao kidogo cha kumbukumbu chenye meno ya rangi ya dhahabu. Akakituma kwa basi. Alhamisi jioni Walburga alitoka kukoboa kahawa, akafungua boksi, akachomoa kibao cha zamani, akakitazama huku na huku kuona kinavyokaa, kisha akachomeka vyote viwili. Asubuhi ndiyo hiyo milio.

Akampigia Allen.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mashine yako inalia mara tatu tatu kama mtoto wa kuachishwa ziwa."

"Siyo yangu, Mama, ni yako. Mara tatu? Hiyo ni RAM. Toa mpya, acha ya zamani peke yake."

Akatoa. Akawasha. Piii, piii, piii. Akajaribu mpya peke yake. Vilevile. Akahamishia tundu la pili. Vilevile. Kila mara alipiga magoti sakafuni, na kila mara alinyanyuka kwa kushika kiti. Mara ya tano hakunyanyuka tena. Alikaa palepale chini, mgongo ukutani.

"Hata ya zamani imekataa," alisema kwenye simu.

Allen akasema, "Basi nahisi ubao mkuu wa ndani umekufa. Majina hayajapotea, Mama, yako kwenye diski. Jumanne nakuja huko juu, nitayatoa."

"Jumanne padri atakuwa anamsomea nani?"

Mkamwana wake Emiliana, anayefundisha darasa la nne, aliingia na kikombe cha uji, akamkuta hapo chini. "Mama, mwambieni padri asogeze siku. Watu wataelewa."

"Wewe umezaliwa lini? Watu hawaelewi. Watasema Walburga amewala marehemu wao." Akaupokea uji, hakuunywa. "Nipe daftari. Nitayaandika ya kichwani."

Akaandika. Ukoo wake kwanza, kisha majirani wa kanisani, kisha waliokufa mwaka wa surua. Kufikia jina la themanini na tisa mkono ukaanza kuchoka na kichwa kikawa kama kisima kilichotekwa mpaka tope. Kalamu nayo ikawa inakataa, inaruka, inaacha mistari mitupu. Akainua ukurasa dirishani kuona kama wino umekwisha.

Pale alipokuwa ameshika, karatasi ilikuwa inapitisha mwanga. Vidole vitano, vimejichora kama kwenye karatasi iliyofunga maandazi.

Akaitazama mikono yake. Baridi ya milima ya Umatengo mwezi wa saba inapasua ngozi, na maji ya kukoboa kahawa yanamalizia. Kila mtu huko anapaka mafuta ya mgando asubuhi na jioni, hata wanaume wanaojifanya hawapaki. Naye Alhamisi alikuwa amepaka, ndipo akavishika vibao vyote viwili kwenye yale meno ya dhahabu, kimoja baada ya kingine, na chembe za maganda ya kahawa zikiwa bado kwenye mikono ya gauni.

"Emiliana! Sabuni. Na kifutio cha shule."

Akanawa mara mbili, akajikausha kwa kanga safi. Akayasugua meno ya dhahabu kwa kifutio taratibu, kama alivyokuwa akisafisha herufi za taipu, na kifutio kikatoka cheusi. Akapitisha mswaki mpya, mkavu, ndani ya matundu. Akakishika kibao cha zamani kwa kingo, akakisukuma mpaka kikalia tak, upande huu na upande ule. Emiliana ndiye aliyebonyeza.

Mlio mmoja tu, mfupi. Skrini ikawaka.

Walburga hakushangilia. Alifumba macho kidogo, kisha akampigia fundi.

"Mafuta?" Allen alicheka mpaka akakohoa. "Mama, huku ziwani tunatiririka jasho, nani anapaka mafuta mikononi? Nisingewaza hata mwaka ungeisha!"

"Ndiyo maana hukuuliza. Uache hao dagaa wako wa usipa, uje ulale huku siku moja. Utapaka mpaka kope."

Kibao kipya alikisafisha pia, lakini hakukichomeka. Kingesubiri Jumatatu. Walichapa orodha yote, kurasa thelathini na moja, na Emiliana akazipanga magotini.

"Makaburi ya Tingi sijayamaliza," Walburga alisema. Alikuwa amejilaza kwenye mkeka sasa. "Miguu yangu haipandi tena kule. Utakwenda wewe, shule zikifungwa."

"Mama, mimi wazee siwawezi. Wananiona mtoto."

"Anza kwa Mzee Tarsisi wa kulekule. Nenda asubuhi, kabla hajaota jua akasinzia. Usimuulize nani amekufa, atakufukuza. Muulize alipokuwa kijana majirani zake walikuwa akina nani, nyumba kwa nyumba, kuanzia mtoni. Na uandike kwa kalamu kwanza, daftari mbili. Moja ibaki kwa mama yako mzazi."