Sala Niliyosoma Kwenye Kaburi la Mama Riziki

Mudomo wangu umecheka watu wengi, basi sasa municheke minye mwenyewe. Wakati wa maasi padiri wetu alivuka kwenda Burundi, seminari ikafungwa, na mjukuu wangu Faustin akarudi nyumbani Rugenge. Kila asubuhi alizunguka uani akiimba Kilatini: miser, misera, miserum. Minye nikitwanga muhogo nilimfuata mpaka nikashika yote. Nilijua ni sala, maana padiri naye anaimba vile. Majirani niliwaringia sana.

Jirani yangu Mama Riziki akafa. Mumewe akanililia: "Mama, nani atamuombea? Padiri haiko."

"Minye niko," nikasema.

Pale kaburini niliimba kwa sauti, watu wamepiga magoti, udongo ukajazwa. Faustin akatokea shambani na jembe lake. Baba Riziki akamshika mkono. "Tate yako, bibi yetu huyu, ameomba vizuri. Sala ile inasema nini?"

Faustin akainamisha kichwa. "Si sala, Baba. Ni somo la shule. Mwanaume maskini, mwanamke maskini, kitu maskini. Neno hilo miser lilitoka wapi, hata mwalimu hakujua."

Hakuna aliyecheka. Baba Riziki aliangalia kaburi. "Basi mke wangu tumemuzika bila kuombewa."