Ngoma Iliyosimama Mlangoni

Nina ugonjwa wa kunyoosha vitu. Nikiingia nyumba ya watu nikakuta mkeka umekaa mshazari, salamu siisikii vizuri mpaka niusogeze kwa unyayo, kidogo kidogo, mwenyeji asinione. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani kwamba yaliyotokea siku ile yalitokana na ubishi au dharau. Yalitokana na kunyoosha.

Chumba chetu kilikuwa Kariakoo, karibu na soko, katika nyumba ya mzee mmoja wa Kiarabu. Ilikuwa nyumba kama nyingine za mtaa ule: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Chumba kimoja cha mbele kilikuwa duka lake la mchele, tende na sukari. Cha mkabala, chenye mlango wake wa kutokea barabarani, alituazima sisi. Mimi nilikuwa mpimaji dukani mwake. Shule sikupita. Kusoma nilijifunza kwa magazeti ya kufungia sukari, ndiyo maana mpaka leo nazijua habari nyingi nusu nusu, mwisho wake ulikwenda na mteja.

Tulikuwa vijana wachache wa mtaani tulioona aibu. Mtaa wetu uliota juu ya kambi ya wapagazi wa vita vya Mjerumani, na wapagazi wenyewe walikuwa bado hai, wakikohoa barazani. Lakini akifa mmoja wao, vitu vyake viliuzwa kwa mafundi bati au vilitupwa bondeni Jangwani mvua ivichukue. Tukaanza kuviomba, hata kwa waliokuwa bado hai. Tulipata bati la namba alilovaa mpagazi shingoni, pishi ya mti iliyopasuka, kinu, kiti cha kamba, na kofia ya askari wa Mjerumani iliyotobolewa na panya. Watu walikiita chumba cha vikuukuu, wakacheka, kisha wakaleta vyao.

Mwenye nyumba alitoa chumba bure kwa sharti, na sharti alilisema mbele yetu sote, vidole viwili juu. "Ngoma sitaki. Polisi sitaki. Nikiona kimojawapo, chumba nakirudishia magunia yangu."

Hakuwa mkali bila sababu. Siku zile kupiga ngoma mjini bila kibali cha boma la serikali ilikuwa kesi, na mwenye nyumba aliitwa pamoja na mpigaji. Na boma lilikuwa limekwisha sikia habari zetu. Liliambiwa kuna vijana wanakutana katika chumba kilichofungwa, wanakusanya mikuki na ngoma. Bwana Shauri, afisa wa Kizungu aliyesimamia mambo ya wenyeji, akatuma neno kwamba atakuja mwenyewe baada ya alasiri, siku ileile tuliyotaka kukifungua chumba kwa watu wote. Akiridhika, tufungue. Asiporidhika, tusifungue kamwe.

Wiki ile sikula vizuri. Wenzangu walikuwa vibarua bandarini na matarishi wa ofisi, hawangeweza kutoroka kazini. Mzee aliniruhusu nisipime siku ile. Hivyo asubuhi nilikuwa peke yangu na vitu vyote, na hilo ni jambo baya kwa mtu wa aina yangu. Nilifagia, nikafagia tena. Vikaratasi vya majina ya vitu niliviandika upya kwa sababu wino wa vile vya kwanza ulikuwa mzito upande mmoja. Kila nilipoketi niliona kosa jingine. Nakiri kwamba sikuwa nawaza wazee wala wapagazi. Nilikuwa nawaza macho ya Bwana Shauri yakipita juu ya kazi yangu, na mdomo wake ukisema kwamba huyu hakusoma.

Kosa kubwa kuliko yote, machoni pangu, lilikuwa ngoma.

Ilikuwa ngoma ndefu, ya kimo cha mtoto wa miaka kumi, mali ya chama cha wanawake cha mtaani. Aliileta bibi mkuu wa chama kile, mwanamke mrefu, mkavu, aliyekuwa akiuza vyungu pembeni mwa soko. Wanawake wawili waliibeba, yeye akatangulia. Waliilaza sakafuni ubavu, mdomo ukutani, akasema, "Ilale hivyo." Nikadhani wamechoka kubeba. Sikumuuliza, maana niliogopa kuonekana sijui.

Sasa pale ilipolala ilifanana na gogo la kuni. Nakshi zake nzuri zote, mistari ya mamba na vinyota, zilikuwa upande wa chini. Nikajiambia kuwa mgeni ataingia, ataona gogo. Nikaikumbatia, nikaisimamisha. Mle ndani mlikuwa na kiza, nikaisogeza hadi mlangoni, jua la asubuhi likaipiga, kila kinyota kikatoka. Nikarudi nyuma nikatazama. Kwa mara ya kwanza wiki ile, moyo wangu ukatulia.

Akapita mwanamke mwenye sinia la maandazi kichwani. Alisimama katikati ya barabara, akaitazama ngoma, akanitazama mimi. Alishusha sinia, akaliweka kwenye baraza letu, akafungua kanga yake ya kiunoni akaifunga upya, kwa nguvu, kisha akaondoka haraka bila maandazi yake.

Nikalisogeza sinia lilingane na ukingo wa baraza.

Hazikupita dakika nyingi wakaja wanawake watatu. Nikawaamkia, "Shikamoo," wakaitika "Marahaba" kwa furaha ambayo sikuielewa, wakaketi. Wakaja wengine kutoka upande wa Mchafukoge, mmoja bado na unga mikononi. Mmoja alikuja na mtoto mgongoni na njuga za miguuni mfukoni mwa gauni, nilizisikia zikilia alipoketi. Nikawaambia kwa adabu kwamba chumba kitafunguliwa jioni. Wakasema hawana haraka. Mwenye njuga akaniuliza, "Mbona kimya, mwanangu? Nani anaifungua ngoma?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hawakuja kutazama vikuukuu.

Mwenye duka alitoka na mizani yake mkononi. Aliona baraza limejaa wanawake, aliona ngoma, na uso wake ukawa wa rangi ya jivu. Aliniita pembeni. Nilimwita Ami, kama ilivyozoeleka, na yeye aliniita mwanangu hata alipokuwa na hasira, jambo lililozidisha uchungu. Aliniuliza nimemwalika nani. Nikaapa kwamba sikumwalika mtu. Akanionyesha kwa kidevu mwisho wa barabara, kwenye kona ya soko, ambako askari wa zamu alikuwa amekwisha geuza kofia yake upande wetu.

"Waondoke," alisema. "Au nyinyi nyote muondoke."

Nikarudi mbio nikaishika ngoma ili niilaze. Mikono kumi ilinizuia. Hawakunipiga, walinishika tu mabega kama anavyoshikwa mtu anayetaka kuruka dirishani. Na katikati yao akatokea bibi mkuu, ukoka wa kupangia vyungu bado umenasa kwenye kanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani ameisimamisha?"

Nikasema ni mimi.

Alinieleza bila kupandisha sauti, na kila neno lilinishusha. Ngoma ile ikiwa imelala imepumzika. Ikisimamishwa mlangoni, uso kwa barabara, imeita, na kila mwanachama akiiona ni lazima aache alichoshika aje. Hawakutumia mbiu wala mjumbe. Ikishaita haiwezi kulazwa kavu, kwani ngoma iliyoita watu ikalazwa kavu siku nyingine haitaitikiwa, na chama kimekufa. Lazima ipigwe.

Nikamwambia haiwezi kupigwa. Nikamweleza habari za Bwana Shauri, kibali, sharti la mwenye nyumba. Niliyasema yote kwa pumzi moja. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba basi wataibeba kwao wakaipige huko, na kila kitu kilicholetwa na wanawake wa chama kitaondoka nayo. Nilitazama ndani. Kinu, pishi, vyungu, mikeka, hata kiti cha kamba, vyote vilitoka mikononi mwao. Kingebaki bati la mpagazi na kofia ya panya.

Niliketi chini mlangoni. Nikamuuliza kama hakuna njia nyingine, hata ya adhabu, nami nitaikubali.

Alinitazama toka kichwani mpaka miguuni. Nadhani alikuwa akipima kama nafaa kuambiwa.

"Iko," alisema. "Aliyeita alishe. Wakila mkononi mwake, wameitikia. Italala."

Mwenye duka alikuwa nyuma yangu na alisikia. Mimi sikuwa na kitu cha kulisha hata paka. Niligeuka nikamtazama. Yeye ngoma hakuipenda maisha yake yote, akiiona kelele za kumsahaulisha mtu sala. Aliangalia kona ya soko, askari alikuwa ameanza kutembea kuja kwetu, polepole. Akavuta ndevu.

"Kulisha wageni si ngoma," alisema, kama anayemjibu mtu asiyeonekana. "Chukua tende. Chukua kahawa. Upesi."

Nikalipasua kanda la tende. Bibi alisimamia sheria. Nisirushe, nisipitishe sahani watu wajichotee. Niende kwa kila mmoja, nipige goti, nimpe kwa mkono wangu, naye ale nikiona. Wakati huo wanawake walikuwa wamejaa ukumbini na uani, na wengine wakazidi kuja mpaka adhuhuri ikapita. Nilipiga goti, nikatoa tende, nikamimina kahawa, nikainuka, nikapiga goti. Walinifanyia mzaha wote. Mmoja alisema tende yangu ina mchanga kama kazi yangu. Mwingine alitafuna taratibu makusudi, macho juu, huku mimi nikisubiri mbele yake, akawauliza wenzake, "Huyu ana mke? Anapiga goti vizuri." Muuza maandazi aligawa ya kwake pia, akaninong'oneza nisiogope, ni baadaye ndipo atanidai. Kahawa ilimwagika kifuani kwenye kanzu niliyoipiga pasi mara mbili. Niliona doa likitambaa na sikuwa na mkono wa kulifuta.

Askari alifika mlangoni. Alitazama ngoma imesimama, akatazama watu wanakula. Mwenye duka akamwuliza tangu lini kunywa kahawa kunahitaji kibali, akamkabidhi kikombe. Askari alikinywa amesimama.

Adhana ya alasiri ililia nikiwa bado nina wanawake wa uani. Nilipomfikia wa mwisho, bibi mwenyewe, alikula tende yake, akaliweka kokwa katika kiganja changu, akaniamuru niilaze ngoma. Niliilaza kama alivyoilaza yeye, ubavu, mdomo ukutani, nakshi chini. Sikuwa nimeondoa vikombe wala kufagia makokwa. Bwana Shauri akaingia.

Alikuwa kijana kuliko nilivyofikiri, mwenye Kiswahili safi na kikavu. Alianza mlangoni, akasoma vikaratasi vyangu kimoja kimoja. Nilimfuata nikiwa nimeweka mkono juu ya doa. Bati la mpagazi alilishika kwa muda, akauliza mwenyewe yuko wapi. Nikasema yuko barazani, anakunywa kahawa. Akageuka kumtazama, akalirudisha pale pale lilipokuwa.

Kisha akaiona ngoma.

"Hii mbona imelazwa kama gogo? Isimamishe niione."

Neno lilelile nililokuwa nimejiambia asubuhi, la gogo. Mlangoni na ukumbini wanawake waliacha kutafuna. Mwenye duka alikuwa nyuma ya bega la askari, na midomo yake ilikuwa ikisoma kitu. Niliujua uzito wa kila upande. Nikiisimamisha, imeita tena, na safari hii itapigwa au itaondoka. Nikikataa, aliyekataliwa ni mwenye kukifunga chumba. Mkono wangu, nakiri, ulikwisha nyooka. Mkono wangu hupenda vitu visimame.

"Haisimamishwi, bwana," nilisema. "Ikisimama imeita watu, na wakija ni lazima ipigwe. Na kibali cha boma hatuna."

Halafu sauti ya bibi ikatoka ukumbini, ya pole, kama anayekumbusha kitu kidogo.

"Au bwana aisimamishe mwenyewe, halafu atulishe."

Askari alikohoa ndani ya kikombe. Bwana Shauri aliniuliza bibi anakusudia nini, nami nikamweleza kwamba anayeisimamisha ndiye mwenye karamu, na leo mwenye karamu nilikuwa mimi. Alitazama kanzu yangu. Akatazama makokwa sakafuni, kisha ukumbi mzima mpaka uani, vichwa na vichwa, wote wakimsubiri.

"Basi ilale," alisema.

Akachuchumaa, akainamisha shingo, akajaribu kuona kinyota kimoja kilichochungulia ubavuni. Akainuka, akapangusa goti, akaaga. Hakusifu kitu wala hakulaumu. Neno lililokuja siku kadhaa baadaye kutoka boma lilikuwa fupi: chumba kifunguliwe mchana tu, mlango usifungwe.

Jioni ile, kwa kuwa hakukataza, watu waliingia. Wengi walikuwa walewale waliokwisha kula. Wageni wa mbali huuliza mpaka sasa kwa nini kitu kizuri vile kimelazwa, na mimi hueleza, na mkono wangu bado huwasha kila ninapoeleza. Bibi alileta ngoma ya pili, ndogo, wiki iliyofuata. Safari hii nilimuuliza inalalaje kabla hajaiweka chini.

Mwenye duka hakusema tena habari ya magunia. Lakini siku ya pili baada ya ufunguzi, nilipofungua chumba, nilikuta ameweka kwenye pembe, karibu na kinu, kanda zima la tende na dele lake la zamani la kahawa na vikombe vyake juu ya sinia. Nilidhani ameleta vikuukuu vyake navyo, nikakata karatasi niandike jina.

"Hivyo si vya kutazamwa," aliniambia kutoka dukani. "Ni akiba. Nakujua wewe."

Vikombe vilikuwa vimepangwa ovyo. Niliviacha hadi adhuhuri.