Bata Wetu na Baridi ya Julai

Juzi niliona bata wakiogelea kwenye dimbwi huko Kware, nikacheka peke yangu. Tulipoishi Kaloleni, mama alifuga bata wawili nyuma ya nyumba. Alasiri moja ya Julai, baridi ikiuma, niliwakuta ndani ya karai la maji, nikadhani watakufa. Niliwatoa, nikawafunga kwa sweta langu la shule, nikawaketisha kando ya jiko la makaa. Walipiga kelele mpaka mama akaja mbio.

"We Atieno! Unawapika wakiwa hai?"

"Mama, wanatetemeka!"

"Wanakuogopa wewe."

Sikujua kwamba manyoya yao yana mafuta yasiyopitisha maji. Mama aliwafungua, wakarudi karaini wakilalamika. Kisha akanifunika kwa leso yake, maana meno yangu yalikuwa yakigongana kwa baridi.