Mabega ya Papa Séverin

Kulthumu, muuzaji wa vitenge wa mtaa wa Bel-Air, alikuwa na miaka arobaini na miwili alipoamua kujifunza urubani. Ndugu zake walicheka mpaka wakachoka. Lakini mama yake mzazi alikuwa Kilwa, hii yetu ya ziwani, si ile ya pwani, na barabara ya Kilwa mvua zikianza ni matope matupu. Alitaka leseni yake mwenyewe, amfikie mama kabla hajaitwa mazishini. Mimi sioni cha kuchekesha hapo.

Mwalimu wake, Papa Séverin, alikuwa bahili wa sifa. Kwake, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ndege yao ilikuwa ya kizamani, gurudumu dogo liko mkiani, pua imeelekea mbinguni. Ikiwa chini hunyooshwa kwa miguu, kwa kukanyaga pedali. Ukichelewa kidogo, inageuka na mkia unatangulia. Mwanafunzi hukaa nyuma, kwa hiyo miezi minane Kulthumu aliona mgongo wa mzee tu.

Hapo ndipo alipojidanganya. Ndege ikianza kupinda, bega la mzee lilikakamaa, naye alilifuata lile bega na kukanyaga. Alitua vizuri, akadhani ameshajua.

Jumamosi moja, magurudumu yakigusa chini, mzee akapiga chafya, mabega yakaruka. Kulthumu akakanyaga kwa nguvu. Ndege ikaingia majanini.

Mzee akazima mashine.

“Maman Kulthumu, unaendeshaka ndege na mabega yangu.”

“Basi nimeshindwa, Papa?”

Wiki tatu zilizofuata mzee alikaa kama gogo, bega halitikisiki, na ndege ikayumba kama mlevi. Kulthumu alilia njia nzima ya kurudi nyumbani, maana asiyeweza kuruka peke yake hapewi leseni. Wiki ya nne ndege ikaanza kunyooka.

Asubuhi moja baada ya kutua, Papa Séverin alishuka, akafunga mkanda wa kiti chake kitupu.

“Sasa enda peke yako. Mie nabakia hapa.”

Bila uzito wa mzee ndege ilipaa mapema kuliko alivyotazamia. Kwa mara ya kwanza aliona mbele: mabati, moshi wa makaa, njia ya Kipushi. Aliogopa kweli kweli. Akazunguka, akashuka. Ikadunda mara moja, pua ikataka kwenda kushoto, na miguu yake ikajibu kabla hajafikiri. Ndege ikanyooka mpaka ikasimama.

Papa Séverin akaja polepole, ameshika kopo la poda, ile tunayowamwagia watoto wakifaulu mtihani wa serikali. Akalitikisa. Halikutoa kitu, poda ilikuwa imeshikana bonge. Akaligonga gotini mpaka bonge likapasuka, akammwagia juu ya mtandio.

“Poda ya kitambo hii, Papa,” Kulthumu akasema, akipangusa macho.

“Niko nayo tangu siku ya kwanza ulikuyaka kujifunza.”