Muvumu wa Mbele ya Magazini

Watu wakinisikia nasimulia habari hii huniambia, "Pole, mama, matajiri ndivyo walivyo." Wapi! Tajiri yule hakutufanyia nguvu. Minye ndiye niliyemwonyesha mahali pa kukata, na sitaki mtu anipunguzie kosa langu.

Katika miaka ile ya hamsini tulikuwa wanawake watatu tukiuza chakula Mulongwe, mjini Uvira, chini ya mti mmoja mkubwa wa muvumu mbele ya magazini, ghala la tajiri yule, mfanyabiashara Mwislamu. Bugali, sombe ya majani ya muhogo, ndagala za kukaanga, vile visamaki vya ziwani. Wateja wetu walikuwa mashofere wa kamyo zilizoleta pamba kutoka uwandani, na watu waliosubiri kupanda juu ya mizigo. Jua la Uvira mnalijua: saa sita hukai wazi na chungu cha mboga ukapata mteja. Kivuli kile ndicho kilichokuwa duka letu. Minye nilikuwa nimeachwa na mume. Nikikosa pale, ningerudi kijijini Nyakabere kwa kaka yangu kulima pamba ya lazima ya serikali. Mkubwa wetu, tuliyemwita Mama, mume wake alikuwa amelazwa hospitali ya Lemera, na pesa za chakula chake huko zilitoka kwenye chungu alichouzia pale.

Tajiri akanunua kamyo ya pili. Moja ilisimama mlangoni, nyingine ikabaki katikati ya barabara, na polisi wa Leta, wa serikali, akaanza kumfokea. Akatuita kwa heshima. "Wamama, muti hii iko inakula nafasi yangu. Nitaukata."

Mama akasema tukatae, twende sote watatu kwa chefu, mkuu wa mtaa, tumlilie mpaka atusikie. "Chefu mwenyewe anakaa kwenye kivuli hiki akisubiri kamyo," akasema.

Lakini mdomo wangu sasa! Nilijiona mwerevu. Baba yangu alijua kutengeneza nguo za ganda la muvumu: alimenya shina lote, akalifunga kwa majani ya migomba, na ganda likarudi. Kwetu ukichomeka gogo la muvumu kwenye ua, linachipuka. Basi mtoto wa Nyakabere aogope shoka?

"Baba, usikate muti," nikamwambia tajiri. "Kata mizizi ya upande wa barabara tu, usawazishe, kamyo zisimame pale. Upande huu utuachie. Muvumu haufe, minye naujua."

"Weye una hakika, dada?"

"Kabisa!"

Mama akarudi kwenye meko yake, maana minye ndiye niliyekuwa na ulimi.

Tajiri alifanya vile vile nilivyosema. Sina neno baya juu yake. Mizizi minene kama paja ikakatwa, mawe ya mtoni yakamwagwa, ardhi ikashindiliwa. Nikafunga majani ya mgomba kwenye vidonda, mashofere wakinicheka: "Mama daktari, sindano utaupiga lini?" Nikawajibu, "Nitaanza na weye." Kwa miezi kadhaa nilitembea Mulongwe nzima kifua mbele.

Ganda hurudi kwa sababu chini kuna mizizi. Hilo sikulifikiri, mjinga minye. Kamyo zilisimama na shehena zake siku nzima, mafuta machafu ya moteri yakamwagwa pale pale, ardhi ikawa ngumu kama sakafu ya kanisa. Kiangazi majani yakaanguka. Nikasema yataota mvua ikinyesha. Mvua ikanyesha. Upande wa barabara haukuota, halafu na upande wetu nao ukakauka. Nikachota maji mtoni asubuhi na jioni. Yaliteleza juu ya mawe yakaenda barabarani. Nikachomeka matawi matano pembeni. Yakachipuka, Yesu Maria, yakachipuka kweli! Kamyo iliyokuwa inarudi nyuma ikayalaza yote, na shofere hakujua hata kama amekanyaga kitu.

Tawi kavu lilipoanguka juu ya kamyo, tajiri alikuja mwenyewe. Hakufoka. "Dada, nilikusikiliza," akasema. Afadhali angenitukana. Wakaukata kwa siku mbili, wakang'oa na kisiki, na kamyo ikasimama tulipokuwa tunaweka meko.

Tulijaribu kuuza juani, pembeni. Sombe ilichacha kabla ya adhuhuri, wateja wakahamia kwa wanawake wa bandarini waliopikia barazani. Mwenzetu mdogo aliacha wa kwanza. Wiki ya pili Mama naye akakunja mkeka wake. Mume wake alikuwa bado Lemera. Hakunipigia kelele, aliuliza taratibu, alitaka kweli kujua: "Binti yangu, mbona hukuniacha nikatae?"

Akainama, nikamsaidia kujitwisha chungu, kwa sababu peke yake hakukiweza tena.