Sauti ya Huwaida

Kwa miaka kumi na minne Huwaida Jeilani alipokea simu za kampuni ya boti pale gatini Lamu, na kuanzia Siyu hadi Kiwayu ilikuwa nadra kupata nyumba isiyoijua sauti yake. Alizaliwa Siyu, akaolewa mtaa wa Mkomani mjini Lamu, akafiwa na mume akiwa na mabinti wawili wa kusomesha. Simu ile ndiyo iliyowasomesha.

Mtu akipiga kuuliza safari, Huwaida hakumtajia saa tu. Humuuliza hali, humuuliza anasafiri na nani, kisha hutazama kitabu cha maji kujaa na kupwa kilichotundikwa ukutani, kwa kuwa mlango wa bahari wa Siyu maji yakitoka hugeuka tope tupu. Siku kama hizo humwambia, "Mwanangu, leo usishuke bandarini. Shika ndia uende gati la Mtangawanda, boti haiingii Siyu." Na akisikia kuna mgonjwa, humpigia nahodha mwenyewe amsubiri. Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo.

Siku moja meneja wake, Fawaz, alimwita ofisini.

"Bi Huwaida, sauti yako ndiyo kampuni. Tunataka tuirekodi, tuwafundishie wafanyakazi wapya."

Akamsogezea karatasi za Kiingereza, kurasa nne.

"Zanena nini?" Huwaida akauliza.

"Ni ruhusa tu, Bi. Kama unaniamini."

Alimwamini, akatia sahihi. Wiki mbili alikaa katika chumba kilichozibwa kuta kwa magodoro, akisoma majina ya visiwa, siku, saa, pole na karibu. Walimtaka hata acheke. Akacheka. Akarudi nyumbani akiwasimulia mabinti zake kwa fahari.

Miezi mitatu baadaye alipewa barua ya ilani, na cheti cha shukrani chenye jina lake lililokosewa herufi. Nafasi yake, barua ilisema, haipo tena.

Haikupita muda, muuza samaki mmoja sokoni akamlaumu. "Bi Huwaida, yana asubuhi ulikuwa na haraka gani? Nimekupigia, hata hali hukuniuliza."

"Mimi? Mimi siko kazini tangu mwezi uliopita."

"Wallahi ni wewe!"

Mama yule akapiga namba ya kampuni papo hapo, akampa simu. Huwaida akaisikia sauti yake mwenyewe ikimwamkia kwa heshima na kumuuliza anataka kusafiri wapi.

"Nani wewe?" akauliza.

"Samahani, sijakuelewa," sauti yake ikamjibu. "Unataka kusafiri wapi?"

Alikwenda moja kwa moja kwa Fawaz. Fawaz hakukana. Alitoa zile kurasa nne, akamwonyesha sahihi. "Ni kompyuta, Bi. Haichoki, haiugui. Kila mahali kazi zinakwenda huko. Na sauti uliikabidhi kwa hiari yako."

Afisa wa kazi naye alimsikiliza hadi mwisho, akavua miwani. "Dada, sheria ya mtu aliyefukuzwa bila ilani ninayo. Wewe ilani ulipewa. Ya mtu aliyefukuzwa kisha akabakizwa kazini, sinayo." Akamshauri atafute wakili. Huwaida akamwachia wakili bangili za arusi yake, kesi ikafunguliwa, na mahakama ikawa inampa tarehe juu ya tarehe.

Ilikuwa kati ya tarehe mbili kama hizo ndipo Aaliya, binti wa Bi Asmaa wa Siyu, aliposhikwa na uchungu. Mkunga alisema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali Lamu. Bi Asmaa akapiga simu. Sauti aliyoizoea miaka yote ikamwambia boti itafika Siyu saa nne asubuhi. Hakuuliza la pili. Angeuliza nini, na aliyemjibu ni Huwaida?

Maji yalikuwa yametoka. Nahodha hakuingia, alitia nanga Mtangawanda, akapakia abiria waliokuwapo, akaenda zake. Aaliya alilala juu ya mkeka bandarini Siyu mpaka saa nane mchana, mbele yake tope. Bi Asmaa alipiga simu mara sita, na mara sita aliambiwa kwa upole kwamba boti iko njiani. Mwishowe vijana walimbeba Aaliya kwa pikipiki hadi Mtangawanda, wakapata mashua ya mvuvi. Aaliya alipona. Mtoto, wa kiume, alifika Lamu amekwisha kufa.

Huwaida alikwenda matangani. Wanawake walikuwa uani wakimenya vitunguu. Mmoja akasema, wala hakushusha sauti, "Amekuya kufanyani huyu?" Aliinama kwa Bi Asmaa, akaanza kutoa pole, na Bi Asmaa akamwekea kiganja mdomoni.

"Nayua si wewe," alisema. "Wameninenea, nimefahamu. Lakini usinene, mwanangu. Sauti hiyo siiwezi. Keti, lakini usinene."

Huwaida akaketi. Alikaa hadi alasiri bila kutamka neno, akamenya vitunguu pamoja na wengine, na Aaliya alipopitishwa akishikwa mabega, Huwaida alitazama chini.

Kampuni haikuomba radhi. Iliongeza sentensi moja tu katika simu yake: msafiri ahakikishe mwenyewe hali ya maji, kampuni haitawajibika. Sentensi hiyo Huwaida hakuisoma katika kile chumba cha magodoro. Hajaitamka maishani mwake. Lakini ukipiga utamsikia akiisema, laini, kama amesimama mlangoni kwako.

Siku hizi anafua nguo katika nyumba za wageni Mkomani. Kesi imeahirishwa tena, na wakili anasema asikate tamaa. Mabinti zake wanakwenda Siyu kusalimia jamaa kila sikukuu. Yeye haendi.