Yucky, Kwa Matamshi ya Kokoo

Neno la kwanza la Kiingereza nililolimiliki kwa dhati ni "yucky". Miaka ya tisini, katika akademia moja ya Kitengela, lilikuwa alama ya mtoto aliyelelewa vizuri. Uji ulikuwa yucky, soksi za jirani yucky. Githeri, yale mahindi na maharagwe ya shule, yenye wadudu, tuliila kimya, kwa sababu mpishi alikuwa anatuangalia.

Desemba nikalibeba hadi Kajiado, kwa nyanya yangu, tuliyemwita Kokoo. Kila mjukuu alikuwa na kibuyu chake cha maziwa. Kokoo alikisugua ndani kwa kijinga cha moto cha mzeituni wa porini, kisha akamimina maziwa yalale humo mpaka yagande. Yalitoka na harufu ya moshi na chembe nyeusi za mkaa. Nilionja, nikakunja pua, nikasema neno langu.

"Hiyo ni nini kwa Kiswahili?" akauliza.

Nilifurahi kuulizwa. "Chafu, Kokoo. Kitu ya kutapisha."

"Aya," akasema, akakifunika kibuyu.

Kesho yake nikapewa kiti, na chai ya kikombe chenye kisahani. Binamu zangu walikaa chini wakinywa vibuyu vyao. Nikajiona nimeshinda. Siku ya tatu niliinuka niende nao kuteka maji, Kokoo akanizuia kwa upole.

"Kaa tu. Wewe ni mgeni."

Nilikaa mgeni likizo ile na nyingine zote zilizofuata. Iliniuma, lakini nilikuwa na kiburi cha kutosha kukalia kile kiti.

Miaka kadhaa baada ya elfu mbili, Kokoo alikuja kwetu Kitengela kutibiwa macho. Mama akampa maziwa ya pakiti, baridi kutoka kwenye friji. Akaonja. Akakunja pua.

"Yucky," akasema, kwa matamshi safi kuliko ya mwalimu wangu.

Nyumba nzima ilicheka. Mimi nilimsogelea.

"Kokoo, kibuyu changu bado kiko?"

"Kiko," akajibu, akaomba chai.

Pasaka nikaenda Kajiado. Kiti kilikuwa kinaningoja, na kisahani pia. Nilimaliza chai, nikachukua mtungi wa plastiki bila kuulizwa, nikateremka kisimani. Nilirudi nimelowa hadi magotini, mgongo unaniuma, na binamu zangu wakinicheka waziwazi.

Kiti hakikuwepo. Kokoo alinyoosha kidole chini, pale kando yake, kisha akanipa kibuyu.

Ningependa kuandika kwamba yalikuwa matamu. Yalikuwa makali, yana mkaa, na moshi ulinipanda puani vilevile kama zamani. Kokoo alinitazama usoni kwa macho yake yaliyotibiwa, akisubiri pua yangu.

Niliyanywa yote, nikaomba mengine.